Huyu Haendi Bila Mwenzake

Komredi akihama hosteli na kupata keja yake Rongai au Juja, haichukui muda kabla wazo la kufuga mbwa kumjia. Wengine hununua mtoto wa mbwa kando ya barabara, wakiapiwa kwamba ni mbegu safi. Wengine, na hawa nawapongeza, huenda kituo cha kuokoa wanyama kama kile cha KSPCA pale Karen. Ukifika kituoni, unaweza kupendana na chotara mmoja mchangamfu, kisha mhudumu akuambie: huyu haendi bila mwenzake.

Usidhani ni njama ya kukubebesha mzigo. Wapo mbwa walioshikamana kiasi kwamba kuwatenganisha ni kuwaumiza. Labda walitupwa pamoja, au walikula jalala moja miezi kadhaa. Si lazima wawe ndugu. Na wapo waliozaliwa siku moja lakini hawapatani hata kwenye sahani.

Wahudumu wanajuaje? Huwatazama. Wanalala wakigusana hata kama nafasi ni tele. Mmoja akipelekwa kwa daktari, wanamwangalia anayebaki. Akinung'unika dakika tano kisha arudi kwenye mchezo, hao ni marafiki tu. Akikataa chakula, akizunguka mlangoni na kulia hadi mwenzake arejee, hiyo ni habari nyingine. Mara nyingi mmoja ni jasiri na mwingine mwoga, na mwoga humsoma mwenzake kujua kama mgeni ni mtu salama. Ukiondoka na jasiri, umeacha nyuma mbwa atakayejificha pembeni kila mtu anapokuja kuchagua. Nani atamchukua huyo?

Nyumbani watafarijiana ukiwa darasani, lakini hawatajilea. Mbwa waliozoea kutegemeana wanaweza kukupuuza kabisa, wewe ukabaki mpishi wao tu. Kwa hiyo mfundishe kila mmoja kivyake, dakika kumi huyu, dakika kumi yule, na siku nyingine watembeze mmoja mmoja. Wazoee kuachana kidogo kidogo, maana iko siku mmoja atalazwa kwa daktari.

Sasa pesa. Ugali na omena unaweza kupika sufuria moja (bila vitunguu, ni sumu kwao), lakini chanjo haigawanywi. Kila mmoja anahitaji ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na hapo hakuna mzaha: karibu binadamu wote wanaopata ugonjwa huo huupata kwa mbwa, na dalili zikishajitokeza kupona ni muujiza. Dawa ya minyoo pia ni mara mbili. Kama ni dume na jike, hakikisha wamefungwa uzazi kabla hujawaleta, kwa sababu hata ndugu hupandana, na mimba ya mbwa ni takriban siku 63. Semesta haijaisha, una watoto saba chini ya kitanda.

Kuhusu uchotara, wala usihangaike. Mimi ningechukua wazima badala ya watoto, kwa kuwa ukubwa na tabia zao zinajulikana tayari.

Kinachonitia wasiwasi ni kalenda. Digrii ni miaka minne. Mbwa anaweza kuishi kumi, hata kumi na tano. Mitihani ikiisha, pita kando ya ploti za wanafunzi uone mbwa wenye mikanda shingoni wakikagua mapipa. Kabla hujatia sahihi, pata ruhusa ya landilodi kwa maandishi, na uwe na jina la mtu wa nyumbani aliyekubali kuwapokea wote wawili ukipata kazi mbali. “Siste atachukua mmoja” si jibu.

Kama unaishi bedsita gorofa ya nne na huna jina hilo, waache wote wawili kituoni. Uliza tu kama wanahitaji mtu wa kuwatembeza Jumamosi, na ubebe kamba mbili.