Kutoka Mtumbwi wa Ndizi Hadi Pipa la Waragi

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii ya pwani yafaa pia Kasese, toka Katwe hadi Bwera, ingawa huku tembo haligemwi mnazini bali hukamuliwa katika ndizi.

Kutengeneza tonto, yaani pombe ya ndizi, ni ustadi wa kale. Ndizi huivishwa shimoni, humenywa, kisha hukamuliwa kwa nyasi mpaka zitoe maji matamu. Maji hayo hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa ndani ya mtumbwi wa mti. Baada ya siku moja au mbili, chachu imekwisha kula sukari, ikazaa kileo na hewa itoayo povu. Wafaransa wa Champagne huifunga hewa ya namna hiyo chupani, ndipo divai yao ikatoa mapovu katika bilauri. Wazee wetu huiacha iende zake.

Waragi ina historia nyingine, na askari wamo ndani yake. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome ya Fort George huko Katwe, kisha akaenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuwachukua askari wa Kisudani waliosalia baada ya Emin Pasha kuondoka. Kwa askari hao na jamaa zao, Wanubi, utaalamu wa araki ulienea Uganda. Pombe huchemshwa pipani. Kileo, ambacho huchemka kwenye nyuzi 78 kabla ya maji, hupanda kama mvuke, hupozwa ndani ya bomba, kikadondoka.

Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka mpikaji awe na leseni na akiuzie kiwanda kinywaji chake, kikasafishwe. Ndivyo ilivyozaliwa Uganda Waragi ya chupani. Hata hivyo, wapikaji wengi vijijini walibaki nje ya mpango huo, na kilichofichwa kichakani hakikaguliwi. Mwaka 2010, huko Kabale, waragi yenye methanoli iliua makumi ya watu. Sumu hiyo haitambuliki kwa jicho wala kwa ulimi. Hupofusha kabla ya kuua.

Kwa hiyo, ndugu askari, tunapokamata pipa Bwera au Mpondwe, tumheshimu mama ambaye pengine hutafuta karo ya wanawe, lakini sheria ifuate mkondo wake. Anayelalamika kuwa macho yake yameingia ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja. Nacho kidhibiti kifike mahakamani kikiwa kamili: kidhibiti hakionjwi.