Virusi Vipya: Tuogope Kiasi Gani?

Mlipuko ukitangazwa tu, magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa swali moja: “Unaua asilimia ngapi?” Mimi naanza na jingine: unaambukiza vipi, na kuanzia lini?

Chukua ugonjwa wa Marburg uliotangazwa Kagera Machi 2023. Wagonjwa 9, vifo 6. Inatisha kweli. Lakini Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na asiye na dalili bado haambukizi. Waliomgusa mgonjwa wakifuatiliwa siku 21, mnyororo unakatika. Juni 2 ikatangazwa kwamba umekwisha. Korona iliua sehemu ndogo tu ya walioambukizwa, ila ilipita hewani, hata kabla ya dalili. Ikaua mamilioni.

Halafu kagua hiyo asilimia. Mwanzoni huhesabiwa waliozidiwa hospitalini. Mwenye homa nyepesi amelala zake hosteli, hayumo. Kwa hiyo asilimia huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Mwisho, hatari kwa nani? Kwa muuguzi asiye na glavu, Marburg ni kifo mlangoni. Kwa sisi tulio lekcha mbali na Kagera, haikuwa hivyo. Glavu zipelekwe kwake kwanza, hofu yetu isubiri.