Lami ya epoksi: kugumuka kuko na saa yake

Wandugu, mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si wa madaraja. Lakini nyanya zinaoza njiani, na kila msimu wa mvua mtu ananiambia: kwa wenzetu kuko gudroni ya epoksi, hailainike hata kwa jua, tuitafute. Basi nikaisoma.

Gudroni ya kawaida ni sawa mshumaa. Ukiipasha moto inalainika, ikipoa inagumuka, na unaweza kurudilia. Ndiyo maana jua la saa nane na kamyo zilizopakiwa kupita kiasi zinaacha mifereji ya matairi. Epoksi ni sawa yai: ukishalichemsha, halirudi kuwa ute. Ni ile kole ya tubu mbili wanauzaka kwenye kenkayeri. Upande mmoja rezini, upande mwingine kigumishi, na kwa barabara kigumishi kinachanganywa na lami. Vikikutana, molekuli zinashikana na kufanya wavu. Shell waliitafuta miaka ya 1950 kwa viwanja vya ndege, sababu mafuta ya ndege yanaharibu lami ya kawaida. Mwaka 1967 ikawekwa kwenye daraja la San Mateo–Hayward, California, juu ya bamba la chuma, chuma chenye kupata moto na kunesa kila gari linapopita.

Shida ni saa. Wavu unaanza kujifunga palepale mnapochanganya, na joto likizidi unakimbia zaidi. Ukichelewa kumwaga na kushindilia, mawe hayakaribiane tena, matundu yanabaki, maji yanaingia. Ukiwahi sana, gundi bado nyepesi, inatiririka kutoka kwenye mawe. Kwa hiyo kila kamyo inaandikiwa joto lake na saa yake. Na tone la maji likifungiwa ndani linageuka mvuke na kuinua uso kama malengelenge. Kisha nguvu inaendelea kupanda siku nyingi, hata majuma kama kuko baridi.

Unaweza kuharakisha, ndiyo. Kuko vigumishi vya amini vyenye kwenda mbio kuliko vile vya asidi, kuko pia vichocheo. Lakini dakika unayopata mwishoni unaitoa kwa wale wenye kumwaga. Na kuongeza epoksi tu si jibu: bei inapanda, na gundi inakuwa ngumu yenye kuvunjika, ndiyo maana wanaitafutia minyororo laini au mpira. Tena rezini na lami hazipendane. Epoksi ikiwa kidogo inabaki visiwa ndani ya lami. Ikitosha, yenyewe ndiyo inakuwa wavu na lami inakaa ndani yake. Hapo ndipo nguvu inaruka. New Zealand walichagua njia ya katikati, robo moja tu ya gundi ikiwa ya epoksi, shabaha yao ikiwa lami isizeeke mbio kwa hewa.

Kwetu je? Kwenye madaraja tabaka hilo ni kama sentimita 5, na chini yake kuko chuma. Njia yetu chini yake iko udongo. Msimu uliopita nililala siku mbili nyuma ya kamyo iliyozama. Pembeni gudroni ilikuwa bado nzima, inaning'inia sawa ganda la mkate. Mtaro ulikuwa umeziba, na maji yalikuwa yamekula udongo wote wa chini.