Kidonda cha Kulalia Hula Mpaka Shamba

Vijijini kwetu ajali ni nyingi. Mmoja huanguka mnazini, mwingine mwembeni, mwingine huangushwa na pikipiki. Wengi huvunjika mkono au mguu, wakapona. Lakini mtu akivunjika uti wa mgongo, na mishipa ya fahamu iliyo ndani yake ikaumia, mambo huwa mengine. Miguu haiendi. Ngozi haisikii. Mkojo haumpi taarifa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na hali hiyo.

Wengi wetu hudhani gharama kubwa ni ile ya siku ya ajali. Mara nyingi sivyo. Gharama nyingine huja baadaye, mgonjwa akisharudi nyumbani. Mojawapo ni kidonda cha kulalia.

Kidonda hiki hutokeaje? Sisi wazima tukikaa mahali pamoja muda mrefu tunaumia, basi tunajisogeza. Hata usingizini tunageuka. Mgonjwa huyu hasikii maumivu, kwa hiyo hajisogezi. Mfupa unabana nyama, damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Saa chache tu zinatosha. Kwanza hutokea alama nyekundu, au nyeusi kuliko ngozi ya jirani. Tukiipuuza, kidonda huchimba mpaka mfupani, vijidudu vikaingia damuni, na mgonjwa anaweza kufa.

Haya, tupige hesabu. Kidonda kikubwa huweza kuchukua miezi 3 kupona, pengine zaidi. Miezi 3 ni kama siku 90. Kikifungwa mara 2 kwa siku, ni vitambaa safi 180. Bado dawa, nauli na chakula cha hospitali. Tena yupo ndugu anayemwuguza: siku 90 za jembe zimepotea. Kama ilikuwa masika, nyumba hiyo haina mavuno. Kwanza huuzwa mbuzi, kisha ng'ombe, mwisho shamba. Watoto nao huacha shule.

Lakini kinga yake ni rahisi. Mwaka 1944 Daktari Ludwig Guttmann alianza kutibu wagonjwa wa namna hii katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule wengi walikuwa wakifa kwa vidonda na kwa maradhi ya mkojo. Yeye aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Wengi wakaishi, wakarudi kazini.

Nasi tufanye hivi:

1. Tumgeuze mgonjwa kitandani kila baada ya saa 2. Tugawane zamu, asiachiwe mama peke yake.

2. Akiwa kitini, ajiinue kwa mikono au ainamie upande mara kwa mara. Akalie mto wa sponji, asikalie ubao mtupu.

3. Asubuhi na jioni tumkague matakoni, kiunoni, nyongani na visiginoni. Tukiona alama, au tukigusa pakawa moto au pagumu, asipalalie tena mpaka pawe sawa.

4. Ngozi iwe safi na kavu. Shuka yenye mkojo itolewe mara moja.

5. Asinyimwe maji ili asikojoe. Maji kidogo huleta maradhi ya mkojo, nayo hupanda mpaka kwenye figo. Anayetumia mpira wa mkojo anawe mikono kwa sabuni kwanza. Akipata homa, au mkojo ukinuka na kuwa na ukungu, twende zahanati siku hiyo hiyo.

Kumgeuza mtu hakuna bei dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu asiye na vidonda anaweza kukaa kitini akashona nguo, akatengeneza redio, akauza duka, akalipa ada ya wanawe. Mwenye kidonda hulala kifudifudi miezi mitatu, na nyumba nzima hulala naye.