Pangani na ndoto ya farasi: Bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama

KUMTAMANI farasi hakulipiwi ushuru. Ndiyo maana si ajabu, kwenye baraza za Pangani mjini au ng'ambo ya mto kule Bweni, kumsikia kijana akisema siku akizipata atanunua farasi. Mmoja anamtaka kwa biashara, awapandishe watalii kwenye mchanga wa Ushongo. Mwingine hana biashara yoyote kichwani. Amempenda mnyama huyo tangu alipomwona kwenye filamu, na moyo wake umegoma kutoka hapo.

Tamaa ya namna hiyo haistahili kuchekwa. Aliyenunua ng'ombe wa maziwa au mashine ya boti naye alianza kwa kutamani. Tatizo huja pale mtu anapouza shamba la minazi, au anapochukua mkopo kwenye VICOBA, kabla hajakaa chini na kalamu. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Katika suala la farasi, wengi hutazama kama mkono unafika kwenye bei ya sokoni, wakasahau kutazama kama utafika kwenye gharama ya kila siku.

Mnyama wa wafalme

Kwa karne nyingi farasi katika mwambao huu alikuwa mnyama wa wenye enzi. Aliletwa kwa jahazi kutoka Uarabuni na hakuzoeleka kwa watu wa kawaida. Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipopeleka meli yake Sultana huko New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi alizomtumia Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Zawadi ya mfalme kwa mkuu mwenzake.

Wakati huohuo Pangani ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini. Mtu angetarajia misafara hiyo iendeshwe kwa wanyama, kama ilivyokuwa Uarabuni na Ulaya. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wapagazi, kila mmoja akiwa na kilo 30 hivi kichwani au begani, kwa miezi. Matajiri wa Pangani hawakukosa fedha za kununua wanyama. Walijua kuwa mnyama akiingizwa porini, haichukui muda kabla hajafa.

Mbung'o ndiye mwenye pori

Mwuaji mkubwa alikuwa mbung'o. Katikati ya miaka ya 1890, daktari David Bruce akiwa Zululand, Afrika Kusini, alionyesha kuwa inzi huyo ndiye anayesambaza vijidudu vya nagana, ugonjwa ambao wafugaji wengi wa Tanzania huuita ndorobo. Mnyama hupata homa, hukonda huku anakula, damu hupungua, na mwisho huanguka. Ng'ombe anaweza kuvumilia kwa muda. Farasi huumwa vibaya zaidi, na asipotibiwa mapema mara nyingi hufa.

Mbung'o si peke yake. Upo pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na virusi na kuenezwa na visubi wanaoruka jioni na usiku. Katika mlipuko wa miaka ya 1854 na 1855 huko Rasi ya Afrika Kusini, ugonjwa huo uliua farasi wapatao 70,000. Punda na punda milia huuvumilia vizuri zaidi.

Uvumilivu huo wa punda milia uliwapa Wajerumani wazo. Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu za Kilimanjaro, walijaribu kumfuga na kumfundisha kazi, wakamzalisha na farasi pia. Jaribio halikufika mbali, kwani punda milia ana hofu na hasira, na hakubali nira kirahisi. Hivyo hata serikali ya kikoloni yenye fedha ilitamani mnyama wa kupanda ikashindwa kumpata kwa njia ya mkato.

Funzo la Mkwaja

Mkulima wa Pangani hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya ng'ombe Mkwaja, kusini mwa wilaya, ili kupata nyama kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba yake. Eneo lilikuwa na mbung'o tele. Ng'ombe aina ya Boran waliwekwa hai kwa sindano za kinga zilizorudiwa mara kwa mara, na watafiti waliofuatilia kumbukumbu za ranchi hiyo walionyesha kuwa kwa kinga hiyo ng'ombe waliweza kuzaa na kukua vizuri.

Lakini gharama haikukoma. Dawa ilitakiwa mwaka hadi mwaka, vichaka viliyameza malisho, na mwaka 2000 ranchi ilifungwa. Ardhi yake ikaja kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005.

Funzo hapa ni la kiuchumi. Kwa dawa na usimamizi mzuri, mifugo huishi hata kwenye mbung'o. Swali ni nani atalipia sindano ya mwaka wa tano na wa kumi. Ikiwa kampuni yenye maelfu ya ng'ombe ililemewa, mwenye farasi mmoja ana sababu ya kujiuliza mara mbili.

Unguja walifanikiwa vipi?

Msomaji anaweza kuuliza: mbona kwenye fukwe za kaskazini mwa Unguja watalii wanapanda farasi? Jibu linapitia Tanga. Kati ya mwaka 1994 na 1997, madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8 yaliyohasiwa kwa mionzi yalimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa hicho. Yalizalishwa katika taasisi ya utafiti wa mbung'o mjini Tanga, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Jike aliyepandwa na dume hilo hakuzaa tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.

Unguja ina bahati ya kuzungukwa na bahari, hivyo inzi akiisha hana pa kurudia. Pangani imepakana na pori la Saadani lenye wanyama wanaowalisha mbung'o bila kuugua. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa hupunguza inzi kuzunguka banda, lakini haiwamalizi. Anayeona picha za Unguja akadhani Pangani ni hivyo hivyo, amekwishakosea hesabu kabla hajaanza.

Kalamu na karatasi

Sasa zije namba. Farasi mwenye kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 8 za majani makavu kwa siku, na akifanya kazi huhitaji zaidi. Kwa mwaka hiyo ni karibu tani 3. Katika joto la pwani, mtengee madumu mawili ya lita 20 ya maji kila siku, yaani madumu 730 kwa mwaka. Kwato zake zapaswa kukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, tena na mtu anayejua. Kuna dawa za minyoo, kinga ya nagana na daktari wa mifugo. Kuna tandiko, hatamu na lijamu. Na kuna saisi, mtunzaji wa farasi, ambaye naye anakula.

Tuweke bei za mfano, kwa ajili ya kujifunza tu. Kila mtu aweke za kwake. Robota moja la majani la kilo 15 liwe Sh4,000: tani 3 ni marobota 200, sawa na Sh800,000. Dumu la maji liwe Sh200: jumla Sh146,000. Saisi alipwe Sh150,000 kwa mwezi: Sh1,800,000. Daktari, dawa na kwato ziwe Sh400,000. Jumla kwa mwaka ni Sh3,146,000.

Kama mtalii analipa Sh20,000 kwa kupanda, mwenye farasi atahitaji wateja 158 ili arudishe gharama hizo tu. Hapo bei ya kumnunua farasi haijaguswa. Tuseme farasi na vifaa vyake viligharimu Sh8,000,000 za mkopo wa miaka miwili, na tusahau riba. Kila mwaka zinaongezeka Sh4,000,000, na wateja wanaotakiwa wanafika 358. Utalii wa pwani una misimu. Masika ikinyesha fukwe hubaki tupu. Kama kazi ipo kwa wiki 26 tu, ni wateja karibu 14 kila wiki, bila wiki hata moja ya farasi kuumwa.

Na akifa? Mkopo haufi naye. Hapo ndipo familia hupoteza shamba. Mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, kisha humlisha mwenyewe kwa miongo kadhaa. Anayeuza minazi kununua farasi anabadilisha mali inayomlisha kwa mali inayotaka kulishwa.

Punda, farasi wa mnyonge

Kwa anayehitaji mnyama wa kazi, punda anabaki kuwa jibu la karibu. Mwambao haukumdharau siku zote: punda weupe wa Maskati walikuwa fahari ya Zanzibar, na Lamu hadi leo mizigo ya mitaani hupita juu ya migongo ya punda. Mkoani Tanga, punda huonekana zaidi kwa wafugaji wa Handeni na Kilindi.

Punda mwenye kilo 150 anaweza kubeba kiasi cha kilo 50, na akifungwa mkokoteni mzuri huvuta mara kadhaa ya hizo. Anakula kidogo sana kuliko farasi na huridhika na majani magumu. Kwa mchuuzi wa nazi, maji au kuni, hiyo ni tofauti ya kupata na kukosa.

Hata hivyo, punda asinunuliwe kwa pupa. Naye huugua nagana, ingawa huvumilia zaidi. Asili yake ni nchi kavu, na manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi. Masika ya Pangani humletea homa ya mapafu na kwato zilizooza. Banda la makuti lenye sakafu iliyoinuka si anasa, ni lazima. Aidha, biashara ya ngozi za punda zinazopelekwa China kutengenezea dawa ilichochea wizi na kupunguza punda barani, hadi wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Februari 2024, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Mnunuzi ahakikishe ana barua ya serikali ya kijiji alikotoka mnyama, asije akanunua kesi.

Kwa wote wawili, farasi na punda, ipo hatari wasiyoijua wengi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi inaweza kumfungia farasi tumbo mpaka afe. Baadhi ya vyakula vya kuku vilivyochanganywa dawa ya kuzuia kuhara damu ni sumu kwake. Hata baadhi ya sindano za nagana za ng'ombe humdhuru akizidishiwa kipimo. Mtu asikisie, amwite daktari wa mifugo wa wilaya.

Kwa ambaye moyo haujatulia

Wapo ambao baada ya hesabu zote bado watataka farasi. Nao wana njia, ila ni ya hatua.

Ya kwanza ni kuwa karibu na farasi kabla ya kummiliki. Unguja, Arusha na Dar es Salaam wako wenye farasi wanaohitaji watunzaji. Mwaka mmoja wa usaisi humlipa kijana mshahara na humfundisha mambo ambayo mwenye mali asiyejua hujifunza kwa hasara.

Ya pili ni kugawana mzigo. Watu watano wakiweka gharama za mwaka kwenye kikundi, wakaandikiana nani ana zamu gani, na mnyama akifa hasara inagawanywa vipi, kinachomlemea mmoja kinaweza kubebeka. Maandishi yatangulie fedha, kwani urafiki huvunjika hapo.

Ya tatu ni kuweka akiba ya matunzo kabla ya akiba ya kununua. Kila mwezi, mwenye ndoto atenge kiasi kile kile ambacho farasi angekula, kana kwamba tayari yuko bandani. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, ni zaidi ya Sh262,000 kwa mwezi. Akiweza kwa miezi 12 bila kuzigusa, ana mtaji na ana ushahidi kuwa anaweza. Akishindwa mwezi wa tatu, amejua ukweli bila mnyama kufa njaa, na fedha zake zingali mkononi, zinatosha pengine kununulia punda, baiskeli ya mizigo au miche ya minazi.