Ardhi Impasayo Mwanafunzi wa Mbio

Kijana anayeanza mazoezi ya mbio huuliza kwanza habari za viatu. Ni vema, lakini ardhi atakayoikanyaga nayo yataka kuulizwa. Mwaka 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za Olimpiki za kilometa 42 na zaidi akiwa pekupeku, juu ya lami na mawe. Wanaomsifu husahau kwamba nyayo zake zilikuwa zimezoea hivyo tangu zamani. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alishinda tena, na safari hiyo amevaa viatu.

Watu husema lami huharibu magoti. Sivyo kabisa. Mwili una akili yake: juu ya ardhi ngumu miguu hulegea kidogo, juu ya ardhi laini hujikaza. Ubaya wa lami ni kwamba hatua zote zafanana, basi sehemu ile ile ya mguu hupigwa mara elfu. Tena kando ya barabara huinama ili maji ya mvua yateremke. Ukishika daima upande mmoja, kifundo kimoja huumia kuliko mwenzake.

Mchanga mkavu huonekana mwororo, kumbe ni mgumu kuushinda! Kisigino huzama, kano ya nyuma yake huvutwa sana, na nguvu zitumikazo huzidi zile za ardhi ngumu kwa nusu na zaidi. Majani ni mazuri, ila huficha mashimo. Na mawe makali ya volkano, kama yale yaliyoshuka mjini Goma mwaka 2002, mwanafunzi wa mbio asiyajaribu.

Kwa maoni yangu, njia ya udongo ulioshindiliwa yafaa kuliko zote. Wakimbiaji mashuhuri wa Iten, huko Kenya, hufanya mazoezi yao mengi juu ya udongo mwekundu. Siku ya mvua, udongo ukiteleza, heri lami.

Hata hivyo hatari kubwa yatoka kwa haraka. Moyo na mapafu huzoea katika majuma machache. Mifupa na kano hutaka miezi. Kwa hiyo kijana hujiona hodari juma la nne, huongeza mwendo, huhamia lami siku ile ile, na muundi huanza kuuma. Anayebadili ardhi apunguze kwanza mwendo, kisha aongeze polepole. Maumivu yakikaa mahali pamoja, yasitulie hata usiku, aache kukimbia na aende kwa mganga wa hospitali: yawezekana mfupa umepata ufa.