Shaba na Mpini Wake

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Kila tukitoka hapa Ndalambo kwenda Tunduma mnayaona malori kutoka Zambia na Kongo, yamepanga foleni mpakani yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Mengi yamebeba shaba: mabamba mazito, mekundu, yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Leo nawaeleza jinsi shaba hiyo inavyofundishwa kuwaka.

Zipo simu ambazo kila nukta ya kioo chake huwaka yenyewe. Nukta nyekundu na za kijani hutegemea iridi, metali adimu kuliko dhahabu. Shaba je? Tunayo ya kujaza malori! Lakini ukiipa molekuli yenye shaba nguvu, hujikunja na kutikisika, nguvu nyingi ikaishia kuwa joto.

Mnalijua jembe lililolegea mpini. Unainua, unapiga, linayumba. Mikono inauma na udongo haujapasuka. Kosa si la chuma.

Basi wanakemia wakatafuta mpini, wakaupata kwenye kaboni. Kaboni tuliyoizoea ina mikono minne, yote imeshika jirani. Kabeni ni kaboni iliyoshika kwa mikono miwili tu, ikabaki na jozi ya elektroni isiyo na mwenzi. Kwa sababu hiyo hurukia chochote kilicho karibu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuiweka chupani kama fuwele. Mwaka 1991 Anthony Arduengo, huko Marekani, akaweza.

Jozi ile ndiyo inayoikamata shaba. Kabeni huwekwa upande mmoja, naitrojeni upande wa pili, na kando yake vikundi vinene vya atomu vinavyobana kama kabari kwenye tundu la jembe. Shaba inabaki imenyooka, haina pa kujikunjia.

Mwaka 2019 kundi la Mark Thompson, Chuo Kikuu cha Southern California, lilionyesha matokeo ambayo hadi leo yananisisimua. Katika kila chembe 100 za mwanga zilizomezwa na shaba iliyoshikwa hivyo, zaidi ya 99 zilirudi zikiwa mwanga, ndani ya sehemu chache za milioni za sekunde. Ukibadilisha kabeni, rangi nayo inabadilika, kutoka buluu hadi nyekundu.

Kilichobaki ni udumifu. Ndani ya taa ya umeme, molekuli za shaba zinazotoa mwanga wa buluu hasa huchoka mapema, na wanakemia wanakesha hapo.